Hakuna Kilichotokea

Dundee, Jumanne, mvua ya manyunyu.
Hamdun alitaka mchezo wa bure;
akabofya. Kidirisha cheusi kikachungulia, kikatoweka.
"Hakuna kilichotokea," akasema, akaenda kula.

Kweli. Kioo kizima, komeo mahali pake.

Ila kivinjari nilikiambia mwenyewe: nihifadhie —
benki, barua pepe, kadi ya basi,
hata nywila yenye jina la marehemu mama
na mwaka aliozaliwa.
Kikahifadhi. Hakikuuliza nani atakuja kuchukua.

Dakika moja, vyote vimefungashwa, vimeondoka;
mgeni akafuta nyayo zake.

Alfajiri benki inaniuliza kwa adabu:
ni wewe uliyeingia saa tisa usiku?

Nabadilisha nywila, moja moja.
Ya mama naichelewesha.
Kuna mtu asiyemjua
analiandika jina lake bila kukosea.