Daftari la Mizani

Upande wa mbele ni korosho:
kilo sabini na nane na nusu, daraja la kwanza,
Bwana Mchilowa wa Chikundi, hana deni.
Kilo kumi na mbili, zimelowa, zirudi zikaanikwe.
Mwandiko umelala kulia
kama nyasi za Lukuledi kwenye upepo wa Juni.

Sasa ligeuze, kichwa chini miguu juu,
anzia nyuma.
Hapo ndipo ilipo timu ya taifa ya wanawake.

Nilimfuata Skolastika Nandonde
kwa sababu mabinti zangu wa shule, wakifunga kamba za viatu,
waliniuliza: Mwalimu, kabla yetu kulikuwa na nani?
Niliandika barua mjini.
Nikajibiwa kumbukumbu zimeliwa na mchwa.
Mchwa wa mjini wamesoma:
wamekula za wanawake, za wanaume zipo.

Hakucheka. Alileta maji,
akaleta korosho za kubanika kwenye kifuniko cha sufuria,
akafuta meza kwa upindo wa kanga.

Alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi
na mchezaji wa kumi na mbili.
"Wa kumi na mbili kazi yake nini?"
"Kushika taulo."
Mkono mmoja taulo, mwingine kalamu ya bluu.
Alama aliziandika kiganjani, chini ya kidole gumba,
na akirudi Lukuledi alizinakili kabla hajaoga.

Nasoma.
Thelathini na mbili kwa themanini na tisa. Tumefungwa.
Viatu jozi saba. Anayetoka anamvulia anayeingia.

Siku tatu matopeni Nangurukuru. Tumefika kambini usiku.
Kocha anauliza, Kusini mmekuja kwa kutambaa?
Asubuhi Somoe Likanda amempokonya nahodha mpira mara sita.

Arobaini na nne kwa sabini. Tumefungwa. Somoe ameteguka,
mitupo huru miwili kwa mguu mmoja,
yote imeingia.

Hamsini na tisa kwa sitini.
Hapa kalamu imetoboa karatasi.

Sitini na moja kwa hamsini na nane.
Hakuandika tumeshinda. Ameandika:
Editha analia, anasema ni jasho.
Gazeti limetupa mistari minne, jina lake wamelikosea.

Kisha kuna ukurasa wenye tarehe,
jina la wageni, mstari uliopigwa kwa rula,
na chini yake weupe mtupu.

"Na hapa?"
"Hapo nilicheza."

Faulo zilimaliza wanne, malaria watatu,
kocha akageuka akalitazama taulo.

"Mlishinda?"
Alimenya korosho moja polepole, ganda likamwachia masizi kidoleni.
"Kawaulize waliokuwa benchi."
"Walikuwa akina nani?"
"Wanne. Wote wamejifunika taulo langu.
Hakuna aliyethubutu kutazama."

Akaenda nje kumfukuza mbuzi aliyeingia kwenye mihogo,
nikamsikia akimtukana kwa Kimakonde, kwa furaha.

Nikaligeuza daftari upande wa kilo,
nikaitafuta ile tarehe.
Kila alipokuwa safarini mwenyekiti alishika nafasi yake,
penseli nene, herufi kubwa za mtu asiyependa kuandika:
Karani hayupo. Mizani imefungwa.
Karani hayupo. Njooni Jumatatu.
Karani hayupo.

Halafu Novemba, msimu umepamba moto,
magunia, nadhani, yamepangwa mpaka barabarani,
watu wameyakalia, wamenyamaza.
Pembeni ya ukurasa kuna doa la kahawia,
mviringo, la betri ya redio iliyovuja.

Siku nzima hakuna kilo hata moja.
Maneno mawili tu, penseli imekandamizwa
hadi yanasomeka kwa kidole upande wa pili, kwenye ule weupe:

Karani ameingia.