Kisa cha Kweli

Walitundika shuka nyeupe ukutani kwa Makoye,
jenereta wakaificha nyuma ya choo,
na maandishi ya kwanza yakasema: kisa cha kweli.
Kirumba nzima ikapiga makofi.
Mimi nilishika pochi yangu.

Aliyeigiza kaka yangu katoka Dar.
Mrefu, meno yamepangwa kama vigae vya benki.
Malando alikuwa mfupi,
jino la mbele lilivunjwa na mpini wa kasia,
na akikimbia, alikimbia kama mtu aliyebeba maji.
Kwenye filamu anaruka mawe ya Bismarck,
bastola mbili, polisi kumi na wawili chini,
na saa sita ya usiku jua bado linawaka ziwani.

Bastola ilikuwa moja, ya kukodi,
na siku anakufa ilikuwa imesharudi kwa mwenyewe.
Alifia Igoma, nyuma ya mashine ya kusaga,
pumba kichwani,
saa nne asubuhi, watu wananunua unga.

Mnasema wameongeza chumvi.
Basi nami chumvi yangu imo.
Ule mluzi anaoupiga kabla ya kuiba,
ambao watoto wa Mwaloni sasa wanaupiga wakitoka shule,
niliutunga mimi.
Walikuja na kinasa sauti na elfu hamsini:
alikuwa na tabia gani ya pekee?
Hakuwa nayo. Nikawapa mluzi.
Malando hakuweza kupiga mluzi. Lile jino.

Na pale anapopiga magoti
akimkata mama kucha za miguu kwa wembe,
akipuliza kila kidole,
watu walicheka. Jambazi gani huyo! Uongo mtupu!
Ndiyo kweli pekee iliyomo.
Kila Jumapili. Hata Jumapili ile
mashine ya boti ilipolala sebuleni kwetu
ikichuruza maji hadi chini ya kitanda.

Hapo filamu inaruka.
Imetoka boti gani, haisemi.
Mimi nilijua. TUOMBEANE, ya kisiwa cha Ghana,
ndani Bwire na Magesa mdogo wake,
wakaachwa na kasia moja na mawimbi.
Waliponiuliza, kuna lingine?
nilihesabu noti, nikasema hakuna.

Nyanzala wa Bwire alikaa benchi la mbele yangu,
soda mkononi, shingo ameinyoosha.
Hakumtazama jambazi.
Kila boti ilipopita shukani alisoma ubavu wake:
UPENDO. BABA LAO. NYOTA YA KAGEYE.
Kaka yangu alipoanza kufa, kwa muziki,
watu wakilia, nami, Mungu anisamehe, nikilia,
aliinuka.
Kivuli chake kikapita usoni pa mwigizaji,
akatoka.

Chupa aliiacha chini ya benchi, imejaa hadi shingoni.
Niliimwaga nje, nikairudisha.
Makoye akanipa mia tano ya chupa.
Nikapokea.