Saba ya Kopa

Pakiti aliinunua mnadani Kigwe
mwaka alioachika,
kwa bei ya kibaba cha karanga.
Alizihesabu nyumbani: hamsini na moja.
Muuzaji ameshahama na turubai lake.
Saba ya kopa akaikata mwenyewe
kwenye boksi la majani ya chai,
mioyo saba kwa kalamu nyekundu.
Ndiyo karata pekee tunayoijua kwa mgongo.

Novemba. Upepo unafagia uwanja, haukuti kitu.
Treni ya mizigo imepita,
vumbi lake limelala juu ya mlenda tulioanika.
Mama anachanga, anagawa,
kwangu, kwa Chiduo, kwa Mama Nyemo wa stesheni.
"Wa chuo," ananiita, na kejeli kidogo,
"kopa zimetoka ngapi?"
Kumi.
"Tatu ziko wapi?"
Hazijafunuliwa karata ishirini.
Ukivuta moja, ni tatu kwa ishirini.
"Nikivuta nikakosa?"
Tatu kwa kumi na tisa.
Akapiga goti kwa kiganja.
"Unaona? Hata kukosa kunanisogeza!

Na mvua ndivyo ilivyo.
Mwaka jana kavu. Mwaka juzi kavu.
Wa nyuma yake tulikula mbegu.
Mbaya zimeshatoka.
Zilizobaki mkononi mwa Mungu ni nzuri."

Nami nikajua pale pale kosa lilipo.
Karata iliyotoka hairudi,
ndiyo maana pakiti hukumbuka.
Lakini mvua ni kama sarafu,
ikidondoka imesahau.
Kila Desemba wingu huchanga upya,
zote, hamsini na mbili,
wala halina habari
na yule ndama tuliyemchinja kwa kuwahi kifo chake.

Nilisema nusu tu:
Mama, huenda mwaka ukiisha
karata zote zinarudishwa ndani.
Akalamba kidole gumba. Hakunitazama.
"Hata ile ya boksi?"
Hata ile.
"Ile mimi naijua," akasema, akagawa.

Alfajiri nilimkuta shamba la bondeni,
si la juu, la bondeni,
anaberega, udongo mkavu kama unga wa jana.
Mchwa walikuwa wamefungua milango usiku.
Upepo ulikuwa umegeuka, alisema,
una harufu ya chuma kilicholowa.
Mimi sikunusa kitu.
Jembe dogo, shimo, uwele.
Mbegu sita kila shimo.
Mbona sita, mama?
"Panya ana yake. Ndege ana zake.
Jua nalo lina mkono.
Nataka mche mmoja, basi."

Nikachukua kibuyu cha mbegu, nikamfuata
nikihesabu mashimo kimoyomoyo.
Baada ya arobaini na kitu
alinisemesha habari ya deni la Mama Nyemo,
hesabu ikanipotea,
na sikurudi kuanza moja.