Jino la Torgeir

Saa tatu asubuhi, Trondheim, na jua bado linajikongoja
nyuma ya kilima. Gunnvor ameweka kikombe
juu ya ripoti ya mwaka jana, kahawa imechora pete
kulizunguka neno "kasi",
naye anaangusha boti.

Anaiangusha tena. Tangu Jumatatu, mara arobaini na moja:
boti ya kuokolea, rangi ya chungwa, imefunikwa kote kama kidonge,
ile inayoning'inia kwenye mtambo wa mafuta
ikingoja siku ambayo kila mtu anaomba isifike.
Haiteremshwi kwa kamba. Inaachiwa.
Inateleza, reli inaisha, pua inainama,
mita thelathini za hewa tupu,
kisha bahari.

Na bahari humu ndani ya kompyuta ni wavu.
Si wa kuvulia, wa kuhesabia:
vyumba milioni tisa, kila kimoja na siri yake,
maji yanaelekea wapi, yanasukuma kiasi gani.
Wavu huo haujongei.
Boti nayo imeshonewa wake, wa matundu madogo,
umeikaa mwilini kama suti ya fundi mwenye wivu,
na boti iendako, nao unakwenda.

Zamani, anasema Eilif, tulikuwa na wavu mmoja.
Boti ikigeuka tunauvuta, tunaukunja,
mpaka vyumba vinapondeka, hesabu inalia, inakufa.
Bahari haivutwi shati.

Sasa nyavu mbili zinapandana, na mpakani zinanong'onezana:
nipe kasi yako, nikupe yangu.
Vyumba vilivyomezwa na boti vinazimwa;
penye chuma hapana maji ya kuhesabu.
Na kila sehemu moja ya elfu ya sekunde
tundu linakatwa upya, majirani wanatafutwa upya,
nani atamkopesha nani.

Chumba kisichopata wa kukikopesha kinaitwa yatima.
Ndilo jina lake la kazini. Hakuna anayecheka.

Jana alikuta mayatima kumi na saba
chini ya pua, palepale maji yanapopigwa.
Kumi na saba katika milioni tisa! Achana nao, akasema Eilif.
Lakini mstari wa nguvu kwenye skrini
ulipopaswa kusimama kilele
ulikuwa na pengo.

Akampigia baba yake.
Torgeir, miaka ishirini na sita mtamboni,
aliangushwa mara moja tu, kwenye mafunzo,
mikanda kifuani, kiti cha tatu, ameipa pua kisogo.
"Ilikuwaje?"
Kimya. Anatafuna kitu.
"Kwanza huna uzito. Uko kama barua iliyokwisha tiwa sandukuni.
Halafu kofi. Si la shavu, la mwili mzima, kutoka ndani.
Nilikuwa nimefungua kinywa nimwambie Oddvar jambo.
Jino likaenda."
"Jambo gani?"
"Sikumbuki. Oddvar naye hakulisikia. Tunalibishania mpaka leo."

Wahenga walisema maji hufuata mkondo.
Hawakusema mkondo wenyewe hukaa wapi
boti inapoupasua.

Basi leo ameukaza wavu chini ya pua,
kila yatima amepata jirani,
na ya arobaini na mbili imekwenda saa sita,
mashine za chini zikitoa joto
ambalo paka wa mlinzi analijua kuliko sisi sote.
Mstari ukapanda. Ukapanda pale palipokuwa na pengo,
ukasimama, mwembamba, mkali, ukashuka.
Kiti cha tatu: mara tisa ya uzito wa mtu.

Kwenye ripoti hakuna safu ya meno.
Akaandika: kilele kimeonekana.
Eilif, kule kwenye bwawa la majaribio, na kiboti chake cha mbao,
atasema bado mstari wake umepishana na huu kwa unywele.
Na upishane.

Gunnvor anaiangusha tena, ya arobaini na tatu.
Pua inainama. Maji yanakaribia.
Naye, bila kujua,
anafumba kinywa.