Daftari la Mizani

Bwana, ni mimi tena, Tekla wa mizani.
Kitabu changu cha sala kililiwa na mchwa,
nimechukua daftari la ghala, hili la msimu huu,
limejaa vumbi la korosho na madoa ya vidole.
Nakusomea majina kama yalivyopanga foleni.

Osmundi Mchopa, gunia tatu.
Huyu ni wa tumbo moja nami, unamjua.
Ulimwona Jumanne akiuza la nne kwa kangomba,
bakuli kwa bakuli, korosho hata hazijakauka,
apate nipa ya kumfikisha asubuhi.
Mama alikufa ameshika mkono wake, si wangu,
akasema, huyu msimwachie giza.
Sijamwachia. Ila mkono wangu umechoka, Bwana,
na wako sijawahi kusikia kwamba umechoka.
Mtoe. Hata kwa kumvuta nywele.

Kanuti, mume wangu. Humu hayumo.
Aliondoka na lori la mabomba ya gesi,
akaaga wiki mbili; huu ni mwaka wa sita.
Namwandika pembeni, kwa penseli.
Kama yu hai, mwokoe.
Kama ana mke huko, mwokoe na huyo mke
(hilo nimelisema mbiombio,
usiniulize limetoka wapi).

Somoe binti Chande, gunia moja na nusu.
Hapa ulimi unagota.
Katekista ametuagiza: mwombeeni jirani asiyemjua Bwana.
Lakini ule mwaka tangi langu lilipopasuka,
Kitangari nzima ikinunua maji kwa bei ya soda,
ni Somoe aliyenigongea kabla ya adhana ya alfajiri,
ndoo kichwani, hana neno,
akamimina, akarudi kwake kuswali.
Sasa asiyekujua ni nani?
Sijui nimpangie maneno gani mbele yako.
Nasema tu: Bwana, Somoe.
Yule wa ndoo.
Mfikie kwa njia unayoijua wewe,
na usinipite mimi nikiwa bado namwonyesha kidole.

Bakiri Nandonde, gunia mbili,
kilo mia na hamsini na tano.

Bakiri Nandonde.

Mia na hamsini na tano, ndivyo ilivyoandikwa,
na mwandiko ni wangu.
Mshale ulisema hamsini na nane.
Kilo tatu, Bwana. Tunaziita unyaufu.
Makarani wote tunakata unyaufu,
na wa mwaka jana niliutolea zaka,
nikaimba nikiipeleka.
Mzee haoni. Alishika ukingo wa meza akaniambia,
wewe ndiye macho yangu, mwanangu, nisomee.
Nikamsomea.

Nami usiku huu nilikuja kukuomba aokoke.
Aokoke na nini?
Na mimi?

Kaa kwanza. Usiende.
Ngoja nipime kilo tatu kwenye zangu za uani,
niongeze za mwaka jana, ambazo hesabu yake sina,
nitajaza mpaka mkono uone haya kupunguza.
Majina yaliyobaki ni thelathini na kitu,
wasidhani nimewatupa; nitawarudia
nikirudi na mdomo wa kuwatajia.

Kwa mzee Bakiri ni mbali kidogo, nyuma ya mashine ya kusaga.
Nitagonga. Nitataja jina langu, kisha kilo.
Akinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa kwa haki.
Akifungua, sijui.
Sijawahi kufika hapo katika sala zangu zote.

Barazani Osmundi amelala kifudifudi,
ndala moja mguuni, nyingine sijui wapi.
Nimemruka.
Nimerudi, nimemfunika gunia tupu,
jipya, ambalo bado halina namba wala uzito.
Mwangalie mpaka nirudi.

Amina nitaisemea huko.