Nyuma ya Stakabadhi

Daftari nililinunua Chake,
jalada gumu, utepe mwekundu wa kuwekea alama.
Bei yake hata mume wangu hakuambiwa.
Nikalilaza kabatini chini ya kanga,
nikalitoa, nikalifungua, nikalifunga,
miezi saba.
Ukurasa wa kwanza mweupe kama sanda;
nani atathubutu kuichafua sanda
kwa kalamu ya shilingi mia tano?

Nilikuwa nangoja.
Niliambiwa maneno huja usiku wa manane:
nikakesha, wakaja mbu.
Niliambiwa huja penye utulivu:
nikawapeleka watoto Konde kwa bibi yao,
nyumba ikanyamaza, nami nikalala
mpaka adhana ya adhuhuri, shavu juu ya meza.
Wengine, ati, hupandwa na jini akawasomea.
Pemba hii majini hayatupungui,
lakini anayejua kusoma na kuandika
kwangu hakupiga hodi.

Na woga nao, nisiseme uongo.
Mize mke wa Shaame alinikuta na kalamu mdomoni:
"Ha! Umekuwa karani?"
Akacheka. Nikacheka naye,
nikacheka kumshinda, ili asijue.

Kisha msimu. Karafuu ziko majamvini,
wingu likachomoza upande wa Kojani,
Kangagani nzima ikatoka mbio:
jamvi ncha nne, watu wanne.
Karafuu zikaokoka, kuni zikaloa.
Umeme ukakatika, kama ada yake.
Chai ya watu sita, na moto
hautaki kuwaka hata kwa kukemewa.

Nikakumbuka kopo la biskuti la marehemu baba,
stakabadhi zake za karafuu, tangu sijazaliwa,
kavu, zanuka makonyo mpaka leo.

Ya kwanza ikawaka.
Ya pili ikawaka.
Ya tatu niliigeuza, sijui kwa nini.
Nyuma, kwa penseli, mwandiko wake wa kuinama:
*Bwana Karani, kwa heshima na taadhima, mizani yako*
Basi. Amekata.
Ya nne:
*Bwana Karani, nakuomba radhi, mizani yako*
Amekata.
Kumi na moja nilizihesabu, misimu mitatu kwa tarehe zake,
na kila mara baba yangu, Kombo Hamad,
mtu wa kupanda mkarafuu mpaka kileleni bila kamba,
anafika kwenye mizani
anateremka.

Chai haikuchemka siku ile.
Nilichukua penseli ya mwanangu, imetafunwa kichwa,
nikaandika palepale alipokatia:
*inaiba.*
Neno moja. Mkono ukinitetemeka,
na karani mwenyewe kesha kufa zamani.
Kisha nikageuza nyingine, na nyingine:

*Mizani yako karani, yapima kwa kubagua,*
*Nitiapo mizanini, kilo mbili zapungua,*
*Na jasho langu juani, miye mbona nalijua,*
*Zirudishe kiganjani, hizo ulizochukua.*

Mstari wa tatu unachechemea, naujua.
Niuache uchecheme; na baba alichechemea
tangu mwaka alioanguka.
Ukiniuliza maneno yalikotoka
sina la kukwambia. Kulikuwa na moshi,
na watu sita wakidai chai,
na karatasi iliyokwisha kuchafuka kabla yangu,
isiyonitazama kwa jicho la kunipima.

Daftari la Chake li jeupe bado.
Nakandamizia stakabadhi, zisiruke.

Juzi Mize kapita tena, kasimama mlangoni,
ungo wa mchele kiunoni.
"Unaandika nini wewe?"
"Deni."
"La nani?"
Koo lilinikauka. Sikucheka.
"La baba. Weka ungo hapo,
ukae, nikusomee."