Kisanduku Namba Saba

Fomu inauliza: hasara ni kiasi gani?
Imeniachia nafasi ya vidole viwili.

Andika, Nkwimba, najiambia, andika:
gauni moja jeupe, mita tisa za satini,
shanga nilizozishona kwa mkono hadi macho yakavimba.
Tiketi ninayo. Kitambulisho ninacho.
Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa uwanja wa ndege, Mwanza,
gauni nimelipakata kama mtoto mwenye homa.

Saa tatu wakatupa soda na biskuti.
Saa saba wakasema: hali ya hewa.
Nikachungulia dirishani. Ziwa limelala,
limenyooka kama shuka lililopigwa pasi.
Mnandi walipaa, hakuna aliyeahirisha.

Saa kumi, huko Dar, Kabula akaolewa
ndani ya gauni la kuazima,
limebanwa kwa pini mgongoni.
Kwenye picha zote anacheka, hageuki.

Leo wamejibu. Watarudisha nusu ya nauli
nikisaini kwamba sidai tena.

Gauni liko hapa Kirumba, ukutani, ndani ya nailoni.
Wateja huuliza ni kiasi gani.

Kisanduku namba saba
bado ni cheupe.